Mama Vifungo na Nane ya Gundi

Mteja akimrudishia Mama Vifungo kifungo kilichovunjika, hamuulizi kimevunjikaje. Huinama chini ya meza, hufungua kopo la zamani la maziwa ya unga, hukitumbukiza humo, kisha humpa mteja kingine kinachofanana nacho. Siku moja nilimsikia mwanamke akijieleza kwa haya kwamba ni mwanawe aliyekitafuna.

"Mwanao ana meno, kifungo changu hakina nguvu," Mama Vifungo akamjibu. "Chukua kingine. Na huyo mtoto mpe mkate, la sivyo atatafuna na koti."

Nilicheka upande wa pili wa ubao. Mimi ni jirani yake. Tuko kwenye ujia wa chini wa jengo la maduka, kati ya ngazi na stoo ya mafagio. Yeye anauza vifungo, zipu na uzi. Mimi nauza sarafu za zamani. Kati ya kibanda chake na meza yangu ya kioo kuna ubao mwembamba tu, na kwa miaka kumi na tisa tumesikilizana kuliko mume na mke wengi. Kopo lile nililiona ujinga. Kifungo kikishatoka mkononi mwako, ni cha mwenye shati. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

"Dada, utafilisika kwa ajili ya watoto wenye njaa."

"Kutu," angejibu bila kuinua macho, "mimi sikuuza kifungo. Niliuza shati lifungike."

Kutu ndilo jina alilonibandika, na ujia mzima ukalipokea. Nilianza na vyuma chakavu. Nilikuwa nanunua kwa kilo na kuchambua kwa mikono, na ndani ya magunia nikawa naokota sarafu ambazo wenzangu walizipeleka kuyeyushwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza bei kwa kupunjwa, na nilipochoka kupunjwa nikaanza kupunja. Sijisifu, ndiyo shule iliyokuwapo.

Yeye naye alianza chini. Aliolewa mapema, akaachwa mapema, akarudi kwao na mtoto mgongoni na cherehani isiyo na mkanda. Akawa ananunua mitumba iliyokataliwa, ile ambayo hata kufutia gari haifai, anakata vifungo, anaviosha kwa sabuni, anavitunga kwenye uzi kwa ukubwa. Ndivyo alivyomsomesha binti yake mpaka akawa muuguzi. Vidole vyake vilipata elimu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Ukimpa kifungo akiwa amefumba macho, atakwambia ni pembe au ganda la kombe au plastiki. Cha pembe kina ubaridi mdomoni, alinieleza, cha plastiki kina uvuguvugu. Akipitisha dole gumba ukingoni, anajua kilichongwa kwa mkono au kilimwagwa kwenye kalibu. Niliwahi kumjaribu kwa vifungo ishirini vilivyochanganywa. Hakukosa hata kimoja, kisha akanidai soda.

Sarafu zilimwingia kwa mlango huohuo. Ndani ya furushi la mitumba alikuta koti kuukuu ambalo mwenye nalo wa zamani alipoteza kifungo cha tatu, na badala yake akashona sarafu ya tundu. Akaja nayo mezani kwangu.

"Hiki ni kifungo au pesa?"

"Ni pesa."

"Iliishiwa hamu ya kununua kitu, ikaamua kufunga koti," akasema. "Naipenda."

Akaanza kukusanya sarafu za tundu, na baadaye za aina nyingine. Nilimpeleka kwenye chama chetu cha wakusanyaji, kinachokutana Jumapili moja kila mwezi, mchana, katika darasa la tatu la shule ya jirani. Watu wazima tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Tunabadilishana, tunanunuliana, tunabishana. Mwenyekiti ni Mwalimu, mstaafu mrefu aliyefundisha katika darasa lilelile na bado huwakemea wanaochelewa.

Katika mwaka wake wa pili tu, walimkabidhi Mama Vifungo mizani.

Niieleze mizani hiyo, maana ndiyo iliyokuwa heshima yake yote nje ya vifungo. Ni mizani ndogo ya betri, inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, ndani ya kisanduku cha mbao. Kipande chochote kinachobadilishwa pale chamani hupita kwanza kwa mtunza mizani. Anakipima, anakishika, anakisikiliza mlio, anatikisa kichwa kukubali au kukataa. Mama Vifungo alikishonea kisanduku kile kitambaa cha sufu ndani, na nje akaweka kitanzi cha uzi na kifungo cha pembe cha kufungia. Na sheria ya chama inayosema kwamba aliyetoa kipande bandia, ajue au asijue, hatashika mizani, aliipendekeza mwenyewe. Mwalimu aliona ni kali mno. Yeye akasema kwamba mkono uliokosea upumzike kwanza, mwenye mkono asione haya wala wengine wasione haya kumwambia.

Nilipiga kura ya ndiyo. Ilikuwa rahisi.

Sasa nisimulie la sarafu.

Miaka sita iliyopita alikuja mezani kwangu mtu aliyevaa koti la mvua siku ya jua kali. Alikuwa na sarafu ya fedha, ya mwaka unaoishia na nane. Wanaokusanya wanaujua mwaka huo: zilitengenezwa chache, nyingi zikayeyushwa. Ya mwaka unaoishia na tatu, kutoka kalibu ileile, utaipata kila mahali. Niliipima, uzito ulikuwa sawasawa. Sumaku haikuivuta. Niliigonga kwenye kioo, ikalia kama inavyotakiwa. Mikato ya ukingoni ilikuwa mizima. Nikamlipa haraka kabla hajabadili mawazo, akaondoka, na nikabaki nikijipongeza.

Ndipo nikachukua lensi.

Upande wa kushoto wa ile nane kulikuwa na mstari mwembamba, kama ufa wa kucha. Nusu mbili za ile nane hazikuwa na umri mmoja. Ya kulia ilichakaa pamoja na sarafu. Ya kushoto ilikuwa ngeni, imekuja baadaye. Sikuhitaji kuangalia zaidi ya sekunde tatu. Tatu ya kawaida ilikuwa imeongezewa vipande viwili vidogo ikawa nane. Uzito ungekosaje kuwa sawa? Sarafu ilikuwa halali. Uongo ulikuwa kwenye punje mbili tu za chuma.

Nikaweka lensi chini.

Nataka nieleweke hapa, maana watu wa biashara yetu tuna njia nyingi za kujisafisha. Sikusema uongo. Sikuitengeneza mimi. Nilichofanya ni kuacha kuangalia. Nilijiambia huenda ni uchafu, huenda ni kalibu iliyochoka, huenda macho yangu. Nikaitia kwenye kadi. Kadi zetu ni karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye dirisha la plastiki katikati. Sarafu hukaa dirishani, nawe unafunga kwa pini nne za stepla. Nikaandika mwaka na uzito kwa wino wangu wa kijani, ambao kila mkusanyaji anaujua. Nyuma nikapiga muhuri wangu: INAUZWA KAMA ILIVYO.

Muhuri ule nilichongesha mwenyewe baada ya mteja mmoja kunisumbua. Ni maneno matatu, na kwa miaka mingi yalinilinda vizuri kuliko mlango wa chuma.

Ilikaa chini ya kioo wiki tatu. Kisha asubuhi moja nikagonga ubao.

"Dada, kuna kitu huku usikikose."

Alikuja na sindano kifuani na uzi umening'inia. Akaiangalia dirishani.

"Mimi ni mtu wa tundu, Kutu."

"Hii si ya kupenda. Ni ya kuwa nayo. Siku ukitaka chochote pale chamani, mtu yeyote atakupa kwa hii."

Aliigeuza kadi. Aliusoma muhuri, nakumbuka, akacheka kwa pua. "Kama ilivyo. Na wewe ukiuzwa utapigwa muhuri huuhuu." Lakini akaichukua. Alilipa kwa awamu nne, na kila awamu alileta mwenyewe kabla sijafungua.

Kuna jambo katika kazi yetu ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kadi iliyofungwa na muuzaji haifunguliwi hivihivi. Ukitoa pini, umemwambia mwenye wino kwamba humwamini. Mgeni anaweza kufanya hivyo, na mnunuzi wa mbali anaweza. Jirani hawezi. Kwa hiyo Mama Vifungo, mwenye vidole ambavyo vingeikamata ile nane kwa mpapaso mmoja, aliiweka kwenye droo miaka sita bila kuigusa. Aligusa plastiki tu.

Mwaka huu Daktari wa Meno alileta chamani seti ya sarafu za tundu, kumi na mbili, nzima, rangi imetulia. Daktari ni mtu wa kunawa mikono kabla ya kila kitu na baada ya kila kitu. Mama Vifungo alizitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu. Walibadilishana: seti yake kwa ile ya mwaka unaoishia na nane. Alipoipitisha kwenye mizani aliipima ndani ya kadi na kuondoa uzito wa kadi, jambo ambalo asingemruhusu mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma. Niliona. Nikaomba maji.

Mwezi uliofuata Daktari alikuja na kifuko kidogo cha plastiki, vile wanavyowekea meno yaliyong'olewa.

"Nina jambo," akasema.

Ubaoni kulikuwa na mchoro wa ua na sehemu zake, wa somo la Ijumaa. Daktari akasimama chini ya petali.

"Niliitoa kwenye kadi nikailoweka kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha, kuondoa utando wa plastiki tu. Fedha haidhuriki. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, nane imekuwa tatu."

Watu wawili walicheka, wakidhani ni kichekesho. Akaipitisha ile sarafu mkono kwa mkono, na kile kifuko, ndani yake punje mbili zisizozidi ukubwa wa chembe za sukari. "Gundi," akasema. "Kazi nzuri sana. Ningemwajiri huyo fundi."

Kicheko kikaisha.

"Kadi unayo?" Mwalimu akauliza.

"Ninayo. Wino wa kijani."

Vichwa viligeuka. Kuna joto linaloanzia nyuma ya masikio, sijui mwenzangu unalijua. Mama Vifungo hakugeuka. Alikuwa mbele, mkono juu ya kisanduku cha mizani.

Ningeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa moja tu: niliona. Lakini ulimi wangu una mazoea ya miaka, na uliposogea ulisogea kwa mazoea.

"Geuza nyuma," nikasema.

Mwalimu akaigeuza kadi, akainua miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Inauzwa kama ilivyo."

"Basi," nikasema. "Mimi nilitimiza yangu."

Kisheria nilikuwa msafi. Hata Mwalimu alitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mtu anayekubali jibu la hesabu la mtoto asiyempenda. Daktari akakaa. Na Mama Vifungo akasimama, polepole, maana nyonga inamsumbua.

"Sarafu nimeitoa mimi," akasema. "Kwa mkono huu. Daktari, seti yako hii hapa." Alikuwa nayo mkobani. Alikuwa amezishonea kitambaa cheusi, kila sarafu na uzi wake katikati, kama vifungo kwenye koti la tajiri. Akachukua kijembe chake cha kufumulia nyuzi, akakata uzi mmoja mmoja, zote kumi na mbili, mbele yetu. Ilichukua muda. Sauti ya uzi kukatika ni ndogo, lakini niliisikia kila mara.

"Mama, hakuna haraka," Daktari akasema. Hakujua aangalie wapi.

"Haraka ipo. Nyonga inauma."

Kisha akainua kisanduku cha mizani, akakifunga kwa kitanzi chake na kifungo cha pembe, akakiweka mbele ya Mwalimu.

"Hapana, hilo tunaweza kulijadili," Mwalimu akasema.

"Limeandikwa. Nililiandikisha mimi." Akakaa.

Mizani wakampa Daktari kwa muda. Nilimwona akihangaika na kile kitanzi, hajui kinavyozungushwa, mwisho akaacha kisanduku wazi.

Mwezi uliofuata ulikuwa mrefu. Ujiani hakuna kilichobadilika ambacho mpita njia angekiona. Alifungua saa zilezile, akafagia upande wake na robo ya upande wangu kama kawaida. Nikiishiwa chenji, alinipa kwa kuipitisha juu ya ubao. Ila aliacha kuniita Kutu. Aliniita jirani.

"Jirani, mteja wako."

"Jirani, unamwaga maji."

Hujui jina la utani lina uzito gani mpaka mtu akuondolee.

Nyumbani nilijikausha, lakini mke wangu ni mtu wa kusoma sahani. Aliangalia chakula changu kilivyobaki siku ya tatu mfululizo, akaketi mbele yangu.

"Ile sarafu ya dada yako wa vifungo," akasema. Habari zilikuwa zimeshafika; sokoni hakuna mlango. "Uliiona au hukuiona?"

"Nyuma ya kadi imeandikwa..."

"Sikuuliza nyuma. Nimekuuliza wewe."

Nikainamia chakula, nikaanza kula. Akainuka akatoa sahani. "Basi," akasema, na nilitambua neno langu mwenyewe. Hakulirudia tena jambo lile, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikajaribu kufanya ninachokijua. Nilitafuta kwa wenzangu wa miji mingine mpaka nikapata seti ya sarafu za tundu, si nzuri kama ya Daktari lakini si mbaya. Nikaenda nayo kibandani kwake imefungwa kwenye gazeti.

"Dada, hii ni yako."

Alifungua gazeti. Akaziona. Hakuzigusa.

"Bei gani?"

"Bure. Zawadi."

"Kitu cha bure kutoka kwako sijawahi kukiona, na leo sitaanza." Akalikunja gazeti vilevile lilivyokuwa, kona kwa kona. "Unanunua nini, jirani?"

Nilisimama pale na furushi langu kama mtu aliyefukuzwa kazi. Mteja akaja akitaka zipu ya suruali, na Mama Vifungo akamgeukia. Swali lake lilinifuata mpaka mezani kwangu. Nilikuwa nanunua kimya chake, na alikuwa ameshanipa bila malipo tangu siku ile darasani. Hakuwahi kuniuliza lolote. Angeuliza, ningedanganya, na angejua. Akaacha kuuliza ili nisilazimike kudanganya. Nimefanya biashara miaka thelathini, na sijawahi kupewa kitu ambacho sikukistahili kwa kiasi hicho.

Jumapili ilipofika niliomba nizungumze kabla ya mabadilishano. Mwalimu akaniruhusu. Nilikuwa nimepanga maneno. Yaliyotoka hayakuwa yale.

"Ile nane niliiona," nikasema. "Kwa lensi, siku niliyoinunua. Niliona palipoungwa. Nikafunga kadi."

Daktari alikuwa akisafisha mikono na kitambaa chenye dawa. Akaacha.

"Uliiona kabla ya kuiuza?" Mwalimu akauliza. Ni mtu anayetaka jibu kamili.

"Kabla. Wiki tatu kabla."

"Na mwezi uliopita, uliposema geuza nyuma?"

"Nilijua."

Alivua miwani. Nilidhani atanikemea kama wanaochelewa. Alisema tu, "Kaa chini," kwa sauti ya chini, na nikakaa, magoti kidevuni, mzee mzima.

Hawakuchukua muda. Walinisimamisha mwaka mmoja: nisiuze wala kubadilishana pale. Nilitegemea hivyo. Kuhusu mizani, Mwalimu alisema kwamba sheria inamgusa aliyetoa kipande bandia, na kwamba kwa maoni yake kipande kile kilitolewa miaka sita iliyopita, na mtu mwingine. Kwa hiyo mizani irudi. Wote wakainua mikono. Daktari alikileta kisanduku mwenyewe, kikiwa wazi.

Mama Vifungo akakipokea. Aliitoa mizani, akapuliza vumbi, akaiwasha, akangoja isome sifuri. "Ulikuwa huifungi," akamwambia Daktari. "Angalia, sufu imeingia mchanga."

"Kile kitanzi, mama, kilinishinda."

"Unang'oa magego, kitanzi kikushinde?"

Watu walicheka, na darasa likapumua. Mimi sikucheka, maana sikuhisi kwamba kicheko kile kilinihusu. Aliita anayefuata. Nikatoka kabla ya mwisho, hakuna aliyenizuia.

Niliamini kwamba nimelipa. Ukishazoea kupatana bei, kila kitu unadhani kina mahali pa kusema tumemalizana.

Kesho yake asubuhi, hata taa ya meza sijawasha, alikuja upande wangu. Alikuwa na bahasha ya kaki na kile kijembe cha kufumulia. Akamwaga bahasha juu ya kioo. Kadi kumi, zote za wino wa kijani. Kila kitu alichowahi kununua kwangu, ukiacha kile kimoja.

"Fungua," akasema.

"Hizi ni safi, dada. Naapa."

"Sikukwambia uape."

Nikachukua koleo langu dogo. Akanisukumia kijembe chake badala yake. Nikatoa pini ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, nikaiweka sarafu kwenye kiganja chake. Alifumba macho. Akapitisha dole gumba kwenye tarehe, kisha ukingoni, akaigusisha mdomoni. Akaiweka pembeni. "Nyingine."

Wapita njia walisimama. Mwuza simu wa ghorofani, mwanamke aliyekuja kuchukua nyuzi, mteja wangu mmoja wa siku nyingi. Nilifungua kadi kumi mbele yao, pini arobaini, kama mwizi anayelazimishwa kurudisha kitu kimoja kimoja. Zote kumi zilikuwa safi. Nilidhani jambo hilo litanifariji. Halikunifariji hata kidogo, maana alihitaji kufumba macho mara kumi ili kuniamini.

Hakuzikusanya. Aliziacha pale juu ya kioo, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kifuko cha meno.

"Wiki tatu ilikuwa chini ya kioo hiki," akasema. "Daktari alipita. Mwalimu alipita. Nilikuwa nikiwasikia. Hukuwaonyesha. Ukagonga ubao wangu. Kwa nini mimi?"

Hilo sikuwa nimelisema darasani. Hata kwa mke wangu sikulisema. Nilikuwa nimelificha mahali ambapo hata mimi sikupita.

"Wao wangefungua kadi," nikasema. "Wewe nilijua hutafungua."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya kipande kikikubali mizani. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniangalia kama anavyoangalia kifungo alichodhani ni pembe.

"Sawa," akasema. "Sasa tumejua."

Nilimrudishia pesa zake za sarafu ile. Alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, bila asante wala kinyongo. Ile sarafu yenyewe, aliyorudishiwa na Daktari, tatu yake iko wazi, aliitoa mfukoni mwa aproni akaiweka mbele yangu.

"Hii yako."

Kisha akarejesha zile kumi kwenye bahasha, bila kadi. Kadi tupu na pini aliniachia mezani. Nilizifagia mwenyewe.

Muhuri niliutupa juma hilohilo. Wala si kwa wema, haukunifaa tena. Maana lile neno lake lilishika ujiani. Mteja wa siku nyingi aliyesimama pale alirudi baada ya siku mbili, nikampa kadi, akanirudishia juu ya kioo. "Fungua," akasema, akitabasamu kidogo. Baadaye wakaja wengine, hata wageni ambao sijui walisikia wapi. Sasa sifungi tena kadi kabla ya kuuza. Sarafu inakaa wazi, lensi pembeni yake, na mnunuzi anaangalia mpaka achoke, nami nasubiri. Kilicho na shaka nakitaja kabla hajauliza. Nauza kidogo kuliko zamani. Ninachouza, kikirudi, nakipokea, nami nina kopo langu chini ya meza.

Ile tatu ipo pembeni kabisa ya kioo, na chini yake nimeandika mwaka wake wa kweli, kwa wino mweusi. Hakuna anayeiulizia, ni sarafu ya kawaida, ziko tele.

Mama Vifungo bado ni jirani. Bado anafagia robo ya upande wangu. Juzi alipata sarafu ya tundu sokoni, akataka nimpimie unene, akaja nayo. Nilipima, nikamwambia, akaandika kwenye daftari. Kisha akachukua kipimo changu kutoka mkononi mwangu, akapima mwenyewe kwa mara ya pili.

"Ni sawa," akasema. "Asante, jirani."